Wakili wa Nyumba: Historia Fupi ya Amana za Mirathi na Ardhi Katika Unguja

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike jambo la historia ambalo litawafaa wanafunzi wa zamani waliotawanyika duniani, na pia vijana ambao sasa wamekalia madawati yaliyokuwa yetu. Nimefikiri sana. Wengi wa wenzangu wangependa nieleze mechi za mpira za zamani au walimu wetu waliokwisha tangulia mbele ya haki. Hayo wataeleza wengine, na pengine vizuri kuliko mimi. Mimi nimechagua jambo ambalo katika skuli hatukufundishwa, wala halikuwamo katika mtihani wowote, lakini ambalo kila mmoja wetu, awe Mji Mkongwe, Ng'ambo, shamba, Maskati au London, hukutana nalo siku baba au mama anapofariki. Jambo hilo ni habari ya wakili wa nyumba: yule mtu mmoja anayeaminiwa na ukoo mzima kuweka hati, kutunza hesabu, kusimamia mirathi na kusema kwa niaba ya wasioweza kusema.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Leo kijana akisikia "wakili" humfikiria mtu wa joho jeusi mahkamani. Lakini katika lugha yetu neno hili, lililotoka katika Kiarabu, ni pana zaidi. Wakili ni mtu yeyote aliyekabidhiwa jambo na mwenzake alitende badala yake. Wakili anaweza kusimama katika ndoa. Anaweza kukusanya kodi ya nyumba, kuuza karafuu au kulipa deni. Kando yake wapo wengine wawili ambao mara nyingi watu huwachanganya naye. Wa kwanza ni wasii, ambaye marehemu amemuachia wasia aushughulikie. Wa pili ni mutawalli, ambaye husimamia mali ya wakfu. Tofauti baina yao si ya maneno matupu. Kazi ya wakili hukoma pale aliyemuweka anapokufa. Kazi ya wasii ndiyo kwanza huanza hapo. Na kazi ya mutawalli huendelea vizazi na vizazi maadamu wakfu upo. Naomba msomaji aishike tofauti hii, kwani nyumba nyingi za Unguja zimepotea kwa kutoijua.

Enzi za Masayyid, mashamba ya karafuu yalipokwisha enea na Unguja ikawa soko kubwa la pwani, mali ilikuwa nyingi na waliojua kuandika walikuwa wachache. Sayyid Said mwenyewe hakuwa na idara ya forodha kama tunavyoielewa leo. Aliikodisha forodha kwa mfanyabiashara, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa katika mikono ya nyumba ya Jairam Shivji. Nyumba hiyo ilikusanya ushuru, ikamkopesha Sultani, ikaweka hesabu zake. Baadaye Taria Topan naye alishika forodha na akawa mtu wa karibu wa Sayyid Barghash. Kwa hiyo hata dola ilitegemea wakili wake, na daftari la wakili ndilo lililokuwa daftari la nchi.

Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirejea kutoka Maskati. Dola yake iligawanyika baina ya wanawe: Majid akashika Unguja na Thuwaini akashika Maskati, na mwaka 1861 Waingereza waliamua ugomvi wao kwa kuilazimisha Unguja ilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Lakini mbali ya dola, ilikuwapo mirathi ya kawaida, mashamba, nyumba na fedha, iliyopaswa kugawiwa watoto kwa sheria ya Kiislamu. Miongoni mwa watoto hao alikuwamo binti mdogo, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844. Alihesabiwa kuwa mtu mzima angali na umri wa miaka kumi na miwili, akapewa shamba lake na fedha zake. Mama yake alipofariki kwa kipindupindu mwaka 1859, akarithi tena.

Salme alikuwa na kitu kimoja ambacho mabinti wengi wa wakati wake hawakuwa nacho: alijifundisha kuandika, kwa siri, kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa sababu hiyo, Barghash alipomuasi ndugu yake Majid mwaka 1859, binti huyu ndiye aliyekuwa karani wa uasi. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akabatizwa Aden mwaka uliofuata na kuolewa na Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mume alikufa katika ajali ya tramu mjini Hamburg mwaka 1870 akamwachia watoto wadogo. Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani kudai haki zake, pamoja na sehemu yake katika mirathi ya ndugu zake waliokufa baada ya yeye kuondoka. Barghash hakumpokea. Alirudi tena mwaka 1888, na safari hiyo nayo haikumpatia alichokitaka.

Wengi huisimulia hadithi ya Salme kama hadithi ya mapenzi. Mimi huisoma kama hadithi ya mirathi. Kwa upande wa sheria ya Kiislamu, tofauti ya dini huzuia urithi, na hilo peke yake lilitosha kumfungia mlango. Lakini tazama pia jinsi alivyokuwa peke yake. Katika mji aliozaliwa hakuwa na mtu mmoja wa kumsemea mbele ya ndugu zake. Alikuja na manowari za nchi nyingine, na manowari haijui kugawa mirathi. Mwanamke huyu aliyeweza kuandika barua za uasi wa wakuu alifariki Ujerumani mwaka 1924 bila ya kuupata urithi aliokuwa akiudai.

Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na hapo mambo ya mali yakaanza kuwa na milango miwili. Makadhi waliendelea, wa Kiibadhi na wa Kisunni, kuamua mambo ya ndoa na mirathi. Pembeni yao zikasimama mahkama zilizofuata sheria za Kiingereza na sheria nyingi zilizoletwa kutoka India. Jengo la Mahkama Kuu pale Vuga, lililochorwa na J. H. Sinclair na kumalizika mwaka 1908, lina sura ya Kiarabu kwa nje, lakini lugha iliyotawala ndani ilikuwa Kiingereza. Mtu wa kawaida mwenye nyumba ya urithi Malindi au shamba Mwera alijikuta anahitaji mtu wa kumfasiria, si lugha tu bali fikra. Hapo ndipo mawakili wa mahkama, wengi wao wenye asili ya Kihindi, walipopata kazi, na hapo ndipo makarani wetu wenyewe, waliojua Kiarabu na Kiingereza kidogo, walipokuwa mawakili wa nyumba wa majirani zao.

Nitatoa mfano mmoja wa jinsi milango hii miwili ilivyoweza kuisumbua familia. Mzee aliyetaka nyumba yake isiuzwe na wajukuu aliiweka wakfu: kwanza watoto wake waifaidi, kisha watoto wao, na kizazi kikimalizika ifae msikiti au maskini. Kwa wanazuoni wetu jambo hili ni sahihi. Lakini mwaka 1894 Baraza la Mfalme la London, ambalo lilikuwa mahkama ya mwisho ya rufaa kwa nchi hizi, liliamua katika shauri moja la India kwamba wakfu ambao maskini wanaufikia mbali kiasi hicho si sadaka ya kweli, na kwa hiyo ni batili. India ilijirekebisha kwa sheria ya mwaka 1913. Unguja, ambako Kamisheni ya Wakfu ilikuwapo tangu mwaka 1905, ilitunga sheria yake ya kuuhalalisha wakfu wa aina hiyo mwaka 1946. Huko Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1950, shauri jingine lilifika London na waamuzi wakashikilia maneno yale yale ya 1894. Fikirini basi: mzee wa Unguja anakaa barazani, anaandika wakfu wake kwa nia safi mbele ya mashahidi, na hajui kwamba watu wasiomjua, kwa shauri la nchi nyingine, wamekwisha amua kuwa karatasi yake haina nguvu. Wakili wa nyumba mwema alikuwa yule aliyejua haya mapema na kumwambia.

Si kila wakili wa mahkama alikuwa mtu wa kuchochea mashauri. Mwaka 1893 kijana mmoja wa Kihindi, Mohandas Gandhi, alipita Unguja na kubadilisha meli akielekea Afrika Kusini, ambako aliajiriwa katika shauri baina ya wafanyabiashara wawili wa Kiislamu waliokuwa jamaa, Dada Abdulla na Tyeb Sheth. Badala ya kuliacha shauri liendelee mpaka gharama ziwafilisi wote wawili, aliwashawishi wakubali mwamuzi. Dada Abdulla alishinda, na Gandhi tena akamsihi ampe mwenzake nafasi ya kulipa kidogo kidogo asije akafilisika. Mwenyewe alisema kuwa hapo ndipo alipoielewa kazi ya uwakili. Dunia inamjua kwa mambo makubwa zaidi. Lakini mimi naona wakili wa nyumba yeyote wa hapa kwetu angeitambua kazi ile kuwa ndiyo yake.

Sasa nije katika jambo lililowaumiza wengi wa babu zetu, yaani deni la karafuu. Karafuu haina uhakika: mwaka mmoja huzaa sana, mwaka wa pili mti husimama mtupu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa, mashamba yakahitaji wachumaji wa kulipwa. Mwenye shamba alihitaji fedha kabla ya mavuno, na mwenye fedha alikuwa mjini. Kwa kuwa riba ni haramu, mkopo ulivishwa nguo nyingine iliyoitwa bei khiyari. Mwenye shamba "alimuuzia" mkopeshaji shamba lake, kwa sharti kwamba akirudisha fedha katika muda uliowekwa shamba litarudi kwake. Katika muda huo aliendelea kukaa katika shamba lake mwenyewe kama mpangaji, akalipa kodi. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa riba. Muda ukipita bila ya fedha kurudi, mauzo yakawa mauzo ya kweli.

Katika miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka, deni hili lilikuwa limefika shingoni. Serikali ya himaya ikatoa mwaka 1934 sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiuzwe kwa watu wengine bila ya idhini ya serikali, na sheria nyingine juu ya wakopeshaji. Serikali ya India nayo ilimtuma K. P. S. Menon kuja kutazama hali ya watu wenye asili ya huko. Ugomvi wa biashara ya karafuu ukakua hadi kufikia mgomo wa mwaka 1937 na 1938. Haya yote yamo katika vitabu vya historia. Lisilokuwamo ni yale yaliyopita katika nyumba za watu, na hapa naomba ruhusa nitoe ya kwetu.

Bibi yangu, mzaa mama, alirithi kutoka kwa baba yake shamba dogo upande wa Mwera na nyumba moja Mji Mkongwe. Alikuwa hajui kusoma isipokuwa Kurani. Wakili wake alikuwa mzee mmoja jirani, karani aliyestaafu, mtu mnyamavu. Wakati wa shida ile bibi alitaka kulitia shamba katika bei khiyari kwa miaka miwili. Mzee yule aliisoma karatasi mara mbili, kisha akauliza swali moja tu: miaka miwili ya Kiislamu au ya Kizungu? Mkopeshaji akajibu kwamba ni mamoja. Mzee akasema si mamoja, kwani mwaka wa mwezi hupungua siku kumi na moja hivi, na kwa miaka miwili ni siku ishirini na mbili. Mtu anaweza kuja na fedha zake mkononi akaambiwa kuwa muda wake umepita wiki tatu nyuma. Akataka tarehe ya mwisho iandikwe kwa kalenda zote mbili, na kila kodi itakayolipwa itolewe stakabadhi. Bibi alilikomboa shamba lake siku chache kabla ya tarehe ile. Mama yangu alikuwa akitusimulia kisa hiki kila tulipopuuza hesabu za skuli.

Yalipokuja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, mambo ya ardhi yaligeuka yote. Ardhi ikawa mali ya serikali. Kwa sheria za mwaka huo na zilizofuata, mashamba na nyumba nyingi zikataifishwa, na kuanzia mwaka 1965 wananchi wakagaiwa mashamba ya eka tatu tatu. Katika skuli yetu walikuwamo watoto ambao wazee wao walinyang'anywa, na watoto ambao wazee wao kwa mara ya kwanza walipata ardhi yao wenyewe. Walikaa dawati moja. Sitaki kuandika kana kwamba upande mmoja tu ndio ulikuwa na machozi au furaha. Aliyepewa eka tatu alipewa kutumia, si kuuza, na yeye pia alihitaji karatasi yake itunzwe, kwani siku atakapofariki wanawe wangeulizwa wanakaa hapo kwa haki gani. Mahitaji ya wakili wa nyumba hayakwisha. Yaligeuka tu. Shamba la bibi liligawiwa. Nyumba ya mjini ilibaki.

Kitu kilichotoweka kwa muda ni wakili wa mahkama. Kwa sheria ya mwaka 1969 zilianzishwa Mahkama za Wananchi, na humo mawakili hawakuruhusiwa kuwatetea watu. Kwa miaka kama kumi na tano mwenye shauri alisimama mwenyewe. Katika muda huo wale wazee waliokuwa na masanduku ya hati ndio waliobaki kuwa kumbukumbu za mtaa. Nani alimuuzia nani, mpaka unapita katika mnazi upi, mikarafuu ni ya nani na kiwanja ni cha nani, kwani kwa mila ya hapa kwetu miti inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine: yote haya yalikuwa katika vichwa vyao na katika karatasi zilizofungwa uzi.

Na wazee hao walikuwa wakifa. Hapa ndipo ilipoonekana tofauti baina ya wakili mwaminifu na wakili mwaminifu mwenye akili. Mtaani kwetu palikuwa na mzee aliyekuwa mwaminifu mno, hata mke wake hakujua nini kilikuwamo katika sanduku lake. Alipofariki, sanduku lilikaa miaka. Lilipofunguliwa, mchwa walikuwa wamekwisha rithi. Familia tatu hazikuwa na hata karatasi moja. Wakili wa bibi yangu, alipoona nguvu zimemwishia mwanzoni mwa miaka ya 1970, alimwita mama na ndugu zake wawili, akawakabidhi hati moja moja, akawasomea orodha, akawataka watie saini kwamba wamepokea. Kisha akasema kuanzia siku ile yeye si wakili wao tena. Mama alilia. Mzee akamwambia, "Mwanangu, nikifa na karatasi zako nitakuwa nimekudhulumu bila ya kukuibia."

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 na sheria zilizofuata mwaka 1985 zilirudisha Mahkama Kuu katika hali yake, mawakili wakarudi, na Mahkama za Kadhi zikawekewa sheria yake mwaka huo wa 1985. Mwaka 1992 ikatungwa Sheria ya Matumizi ya Ardhi. Sheria hii ilithibitisha kwamba ardhi ni ya umma, na kwamba mtu humiliki haki ya kuitumia, ambayo inaweza kurithiwa na kuhamishwa kwa kufuata taratibu. Mahkama ya Ardhi nayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mwaka 1992 pia kilianzishwa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kimewasaidia wasiokuwa na uwezo wa kuajiri wakili. Mirathi na wakfu wa Waislamu huweza kushughulikiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Milango ipo. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuko nchini kuipita.

Na hili ndilo jambo la leo. Watoto wa skuli yetu wako Dubai, Maskati, Uingereza, Kanada. Biashara ya utalii imeipandisha thamani ya nyumba za Mji Mkongwe, hasa baada ya mji kutiwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2000, na ya viwanja vya pwani vile vile. Aliye mbali huandika hati ya uwakala kwa jamaa aliyebaki, mara nyingi kwa maneno mapana: afanye lolote, auze, akodishe, apokee. Nawajua watu, sitawataja, ambao mzee wao aliandika hati ya namna hiyo akiwa ughaibuni, kisha akafariki. Jamaa aliyekuwa na hati akaendelea kuitumia kana kwamba mzee yu hai, akaiuza nyumba. Kwa sheria uwakala wake ulikuwa umekufa pamoja na mzee, na nyumba ilikuwa ya warithi. Lakini mnunuzi alikwisha lipa, warithi walikuwa nchi tatu, na shauri likaenda miaka. Masika moja, shauri lingali likiendelea, dari ya ghorofa ya juu ikaanguka. Hakuna aliyeruhusiwa kuitengeneza.

Nyumba ya bibi yangu haijauzwa, lakini hebu tuhesabu. Bibi aliacha watoto watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Nyumba ikawa mafungu matano: ami zangu wa upande wa mama, yaani wajomba, mawili mawili, na mama moja. Hii ni hesabu ya kichwani. Mjomba mkubwa akafariki akaacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke hupata thumuni, kila binti thumuni, na kila mwana thumuni mbili. Mjomba mdogo akafariki akaacha mke na mwana mmoja. Mama akafariki akatuacha mimi na dada zangu wawili. Ukiigawa nyumba hii leo lazima uifanye mafungu 20. Kutoka watu watatu tumekuwa kumi na mmoja, katika kizazi kimoja tu. Wakifariki wengine watatu bila ya kugawana, mafungu yatapita mia, na mtoto wa Kanada atakuwa na haki katika ukubwa wa kizingiti cha mlango.

Katika mafungu 20 mimi ninayo mawili. Lakini mimi ndiye niliyebaki Unguja, na mimi ndiye mwenye ufunguo. Jamaa zangu wanaponiandikia huniita wakili wao, nami najua vyema jinsi neno hilo linavyoweza kumlewesha mtu. Mwenye mafungu mawili na ufunguo anaweza kujiona ana yote ishirini. Ndiyo maana kila mwisho wa mwaka huwapelekea wote kumi hesabu moja: kodi ya duka la chini, gharama za chokaa na mabati, kilichobaki. Na ndiyo maana tumekubaliana kwamba mmoja anayeweza atawanunua wengine mbele ya sheria, kwa thamani itakayosemwa na mtu wa nje, nyumba irudi katika mkono mmoja ingali imesimama.

Kutokana na historia hii naona mambo machache ambayo wakili wetu wa zamani angekubaliana nayo. Asiyekupa hesabu si wakili wako, hata akiwa ndugu. Hati ya uwakala iseme kazi gani, nyumba gani na mpaka lini, wala isiwe ya kila kitu. Mtu akifa, uwakala umekufa. Aende kwa Kadhi au Kamisheni watambuliwe warithi kabla ya mlango kufunguliwa. Nakala ya kila hati iwe katika nyumba mbili. Mambo yakiwa na utata aitwe wakili wa mahkama, lakini alipwe na wote na awajibu wote. Na mirathi igawiwe mapema, wakati ndugu bado wanakula pamoja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika Unguja nimeiona habari ikifika na mali imekwisha kwenda.

Kwa vijana wa skuli nina ombi. Hifadhi ya Nyaraka pale Kilimani ina karatasi za miaka mingi, na mwalimu wenu wa historia anaweza kuwapeleka. Lakini kabla ya Kilimani, anzeni nyumbani. Jumamosi moja mkae na bibi au babu, mmuulize nani mwenye hati, ziko wapi, na nani alizishika kabla yake. Andikeni majina, tarehe na mipaka, kwa kalenda zote mbili. Na nyinyi wenzangu wa zamani mtakaokuja mkutanoni, mliobaki na funguo za watu, tafuteni nafasi mkabidhi hesabu wakati sauti zenu bado zina nguvu ya kusoma orodha.